Mabao ya Temwa na Mizani ya Chepilat

Mabao 20. Hayo ndiyo Temwa Chawinga, binti wa wilaya ya Rumphi kaskazini mwa Malawi, aliyoifungia Kansas City Current katika msimu wa kawaida wa ligi kuu ya wanawake ya Marekani mwaka 2024. Tangu ligi hiyo ianze mwaka 2013 hakuna mchezaji aliyekuwa amefikisha idadi hiyo. Rekodi aliyoivunja ilikuwa ya Mwaustralia Sam Kerr, mabao 18 ya mwaka 2019.

Mechi za jioni za Kansas City huanza wakati Chepilat ni saa tisa usiku. Soko limefungwa, magari ya Kisii na Sotik hayajaanza kuita abiria, na wachuma majani bado wana muda wa kulala. Kwa hiyo msimu huo, ambao kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote aliyowahi kuwa nayo mwanamke Mwafrika katika ligi yoyote ya kabumbu, ulitupita tukiwa vitandani. Nataka tuurudie, rekodi moja baada ya nyingine, maana unatuhusu sana sisi wa huku kwenye majani chai.

Watu wa pande hizi si wageni wa rekodi. Chepilat ni kituo cha biashara kilichokaa mpakani, Bomet upande huu na Nyamira upande ule, kwenye barabara inayotoka Sotik kwenda Kisii, Wakipsigis na Abagusii wakiuziana mazao yao. Taja hapo jina la Beatrice Chebet, mzaliwa wa Kaunti ya Kericho, na hutakosa mtu wa kukutajia muda wake wa mita 10,000: dakika 28 na sekunde 54.14, mwanamke wa kwanza duniani kushuka chini ya dakika 29. Aliuweka Eugene, Marekani, tarehe 25 Mei 2024, katikati ya msimu uleule wa Chawinga. Riadha ina bahati hiyo: saa inahesabu yenyewe, na kila anayevuka utepe anapewa namba yake. Kabumbu haina saa ya namna hiyo. Bao likishaingia na mpira ukarudishwa kati, uhai wake unabaki mikononi mwa mwenye kalamu.

Turudi kwa Temwa, maana mabao 20 ni mwanzo tu. Ligi ile ilikuwa na timu 14 msimu huo, kila moja ikicheza mechi 26. Chawinga alizifunga timu zote 13 alizokabiliana nazo, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake katika msimu mmoja. Kuna kipindi alifunga katika mechi nane mfululizo, na hiyo nayo ikawa rekodi. Fikiria maana yake kwa beki anayejiandaa kukutana naye Jumamosi. Beki huyo ametazama video za timu saba zilizopita, ameona jinsi kila moja ilivyojaribu kumziba, na ameona kila moja ikifungwa. Kasi ya Chawinga ndiyo inayosemwa sana, lakini kasi peke yake haifungi timu 13. Anachagua wakati wa kukimbia. Anamwacha beki aamini kwamba mpira utampita, kisha anatokea mbele yake.

Mwisho wa msimu alitwaa kiatu cha dhahabu na tuzo ya mchezaji bora wa ligi, Mwafrika wa kwanza kuipata. Mwaka 2025 akazichukua zote mbili tena, safari hii kwa mabao 15, na akawa mchezaji wa kwanza katika historia ya ligi hiyo kuwa bora miaka miwili mfululizo. Kansas City yenyewe ilifunga mabao 57 mwaka 2024, idadi ambayo hakuna timu iliyokuwa imeifikia katika msimu wa kawaida. Mwaka uliofuata ikamaliza kileleni kwa pointi 65, nyingi kuliko za timu yoyote kabla yake.

Temwa ana dada mkubwa, na bila dada huyo hadithi haikamiliki. Tabitha Chawinga alitangulia kwenda Sweden mwaka 2014, mwanamke wa kwanza wa Malawi kucheza katika klabu ya Ulaya. Mwaka 2017 aliibuka mfungaji bora wa ligi kuu ya Sweden kwa mabao 26 akiwa na Kvarnsvedens, timu iliyoshuka daraja mwaka huohuo. Kuongoza ligi kwa mabao ukiwa katika timu inayozama ni jambo ambalo sijui kama limepewa sifa inayostahili. Baadaye alifunga mabao 23 akiwa Inter Milan na kuwa mfungaji bora wa Italia msimu wa 2022/23. Huyu ndiye msichana ambaye, akiwa na umri wa miaka 13, alivuliwa nguo uwanjani kwao Malawi na wachezaji wa timu pinzani waliotaka kuhakikisha kwamba ni wa kike. Kosa lake lilikuwa kucheza vizuri kupita kiasi.

Sitaki kulipita jambo hilo haraka, kwa sababu linajirudia. Barbra Banda wa Zambia, ambaye nitamfikia sasa hivi, aliachwa nje ya fainali za Afrika za wanawake za 2022 kwa sababu ya vigezo vya jinsia. Mwaka 2024, alipotangazwa mwanasoka bora wa kike wa BBC, matusi yaliyomiminika yalikuwa yaleyale ya wale waliomvua nguo Tabitha, ila yalikuja kwa simu. Mwanamume akivunja rekodi huulizwa anakula nini na anafanya mazoezi saa ngapi. Mwanamke akiivunja huulizwa kama ni mwanamke. Wasichana wanaocheza katika viwanja vya shule vya Sotik na Borabu wanazisikia kauli za aina hiyo wakiwa bado wadogo, kutoka kwa watu wazima waliosimama pembeni mwa uwanja, na ni juu yetu watu wazima wengine kuzikomesha papo hapo.

Sasa Banda. Alijiunga na Orlando Pride mwezi Machi 2024 akitokea Shanghai, kwa dola 740,000. Alikuta timu ambayo haikuwa imewahi kutwaa kombe lolote. Orlando ya kocha Seb Hines ikacheza mechi 23 za mwanzo wa msimu bila kupoteza hata moja. Machi ikapita, Juni ikapita, Septemba ikapita, na ilikuwa tarehe 11 Oktoba ndipo Portland Thorns walipowafunga 2-0. Walimaliza na ushindi 18, sare sita na vipigo viwili, pointi 60, rekodi ya ligi wakati huo. Banda alifunga mabao 13 katika msimu wa kawaida na mengine manne katika mechi za mchujo. Nyuma yake alikuwa Marta, Mbrazili mwenye mabao 17 katika Kombe la Dunia, mengi kuliko ya mchezaji mwingine yeyote, wa kike au wa kiume. Alikuwa na miaka 38, na katika nusu fainali dhidi ya Kansas City ya Chawinga alipita katikati ya mabeki na kumalizia mwenyewe, Orlando ikashinda 3-2.

Fainali ilichezwa Kansas City tarehe 23 Novemba dhidi ya Washington Spirit. Bao lilikuwa moja tu, dakika ya 37: Banda alipokea mpira upande wa kulia, akaingia ndani, akaachia shuti la mguu wa kushoto. Alitajwa mchezaji bora wa fainali. Wachezaji wawili wa juu kabisa wa msimu ule, mmoja kwa mabao na mmoja kwa kombe, wametoka nchi mbili zinazopakana, Malawi na Zambia, na ukishuka kusini kupitia Tanzania utazikuta zote mbili.

Uwanja wa fainali nao una rekodi yake. Unaitwa CPKC, unachukua watu 11,500, na ndio wa kwanza duniani kujengwa mahususi kwa ajili ya klabu ya wanawake ya kulipwa. Ulifunguliwa tarehe 16 Machi 2024 kwa mechi ya mabao tisa, Kansas City 5, Portland 4. Watu 11,500 si wengi ukilinganisha na uwanja wa Kasarani jijini Nairobi, lakini tofauti iko katika nani mwenye nyumba. Timu za wanawake za Afrika Mashariki huazima uwanja, husubiri wanaume wamalize, na mara nyingine hufika na kukuta umepewa wengine. Ukubwa wa umati ulijitokeza kwingine: tarehe 8 Juni 2024 watu 35,038 walijaa Wrigley Field, uwanja wa besiboli wa Chicago, kutazama Chicago Red Stars wakicheza na Bay FC. Ilikuwa hesabu kubwa kuliko zote za ligi hiyo hadi 2025, ilipopitwa na watu 40,091 mjini San Francisco. Jumla ya waliohudhuria msimu wa 2024 ilivuka milioni mbili kwa mara ya kwanza.

Kwenye pesa, msimu ulifunguliwa na Mwafrika na kufungwa na binti wa Waafrika. Mwezi Februari 2024 Bay FC ilimnunua Racheal Kundananji wa Zambia kutoka Madrid CFF kwa takriban dola 788,000, bei kubwa kuliko zote zilizowahi kulipwa kwa mwanasoka wa kike. Hakuna Mwafrika, wa kiume au wa kike, aliyekuwa ameshika rekodi ya dunia ya uhamisho kabla yake. George Weah hakuishika, Samuel Eto'o hakuishika, Didier Drogba hakuishika. Kundananji aliishika.

Aliyempokonya ni Naomi Girma, na hapa nitakaa kidogo. Girma alizaliwa California kwa wazazi waliohamia Marekani kutoka Ethiopia. Mpira aliuanzia Maleda, klabu ambayo baba yake na wenzake waliianzisha ili watoto wa Wahabeshi wa San Jose wapate mahali pa kucheza na wazazi wapate mahali pa kukutana. Haikuwa akademia. Ilikuwa wazazi, uwanja wa kuazima na wikendi. Kutoka hapo akafika San Diego Wave, akawa beki bora wa ligi mwaka wake wa kwanza, 2022, na tena 2023. Agosti 2024 alikuwa nguzo ya ngome ya Marekani iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Paris kwa kuifunga Brazil 1-0. Januari 2025 Chelsea ikamchukua kwa dola milioni 1.1, mwanamke wa kwanza kuvuka milioni moja. Beki! Katika mchezo ambao washambuliaji ndio hulipwa, bei ya kwanza ya milioni ilikwenda kwa mtu ambaye kazi yake ni kuzuia. Tangu hapo bei hiyo imepitwa. Agosti 2025 Orlando ililipa dola milioni 1.5 kwa Lizbeth Ovalle wa Mexico. Lakini ningekuwa mzazi wa Chepilat mwenye binti anayependa mpira, jina la Maleda ndilo ningeliweka moyoni kuliko la Chelsea.

Rekodi moja ya msimu ule sikuifurahia. Mwezi Julai 2024 Gotham FC ilimsajili msichana wa miaka 13, mdogo kuliko wote katika historia ya ligi. Mtoto wa umri huo huku kwetu yuko kwenye sare ya shule, na hapo ndipo anapostahili kuwa. Kipaji cha miaka 13 kitakuwepo pia akifika 17, kama kimelindwa. Tuziache klabu za Marekani na rekodi hiyo.

Kuna rekodi nyingine za mwaka huohuo zilizotokea karibu zaidi. Agosti 2024 Brighton ilimsajili Aisha Masaka, Mtanzania wa kwanza kujiunga na klabu ya ligi kuu ya wanawake ya Uingereza, baada ya kupitia Yanga Princess na BK Häcken ya Sweden. Mwenzake Clara Luvanga, aliyekuwa katika kikosi cha wasichana wa Tanzania kilichofika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 nchini India mwaka 2022, alijiunga na Al Nassr ya Riyadh na kutwaa ubingwa wa Saudi Arabia.

Na kuna Junior Starlets. Kama unataka rekodi kubwa kuliko zote katika historia ya kabumbu ya Kenya, jibu langu ni hili, na sioni la kushindana nalo. Mwezi Juni 2024 wasichana wa chini ya miaka 17, wakiongozwa na kocha Mildred Cheche, waliiondoa Burundi kwa jumla ya mabao 5-0 na kufuzu kwa Kombe la Dunia katika Jamhuri ya Dominika. Hakuna timu ya Kenya, ya wanaume au ya wanawake, ya wakubwa au ya chipukizi, iliyokuwa imewahi kucheza Kombe la Dunia la FIFA. Harambee Stars wamejaribu tangu miaka ya sabini. Walioingia mlangoni kwanza ni wasichana wa shule. Walifungwa na Uingereza 2-0, wakafungwa na Korea Kaskazini 3-0, kisha wakaifunga Mexico 2-1, ushindi wa kwanza wa Kenya katika Kombe lolote la Dunia la kabumbu. Mwaka 2025 wakafuzu tena, safari hii kwenda Morocco. Siku ile ya Mexico ingestahili kuwa kwenye kalenda za ukutani.

Dada zao wakubwa, Harambee Starlets, walicheza fainali za Afrika kwa mara ya kwanza mwaka 2016 nchini Cameroon na wakapoteza mechi zote tatu. Oktoba 2025, chini ya Beldine Odemba, waliishinda Gambia nyumbani na ugenini, jumla 4-1, na kupata tiketi ya pili, fainali za 2026 nchini Morocco. Malawi ya akina Chawinga nayo imefuzu kwa mara ya kwanza.

Ligi ya nyumbani ndiyo iliyowalea wengi wa Starlets. Msimu wa 2023/24 ulikwenda kwa Kenya Police Bullets, ubingwa wao wa kwanza kwa jina hilo, maana timu yenyewe ni ile ya zamani ya Thika Queens iliyochukuliwa na polisi. Kabla yao jina lililotawala lilikuwa Vihiga Queens, mabingwa wa 2017, 2018 na 2019, wakicheza katika uwanja wa Mumboha kule Luanda. Vihiga pia ni nchi ya majani, kiwanda cha Mudete kiko huko, na mashabiki wao wengi wanajua kazi ya kuchuma kama mashabiki wa Bomet wanavyoijua. Mwaka 2021 Vihiga waliifunga CBE ya Ethiopia 2-1 katika fainali ya kanda iliyochezwa Nairobi, mabao yote mawili yakiwa ya Jentrix Shikangwa. Wakaenda Cairo kuwa miongoni mwa klabu nane za kwanza kabisa kucheza Ligi ya Mabingwa ya wanawake ya Afrika. Huko walipata ushindi dhidi ya Rivers Angels ya Nigeria. Shikangwa huyohuyo ndiye aliyefunga mabao yote mawili mwaka 2019, Kenya ilipoifunga Tanzania 2-0 mbele ya watu wake Dar es Salaam na kutwaa ubingwa wa kanda yetu, CECAFA. Fainali mbili kubwa, mabao manne ya timu zake, yote yake. Nionyeshe mshambuliaji wa kiume wa Kenya mwenye hesabu hiyo.

Sasa fanya jaribio dogo. Muulize shabiki yeyote wa umri wa makamo ni nani aliyefunga mabao mengi zaidi katika msimu mmoja wa ligi ya wanaume ya Kenya. Atakujibu bila kufikiri: Maurice Ochieng "Sonyi" wa Gor Mahia, mabao 26, mwaka 1976. Karibu nusu karne imepita na namba hiyo bado inatembea midomoni mwa watu, inachapishwa magazetini kila mfungaji mpya anapoikaribia, inawasumbua washambuliaji. Halafu muulize swali hilohilo kuhusu ligi ya wanawake. Utaona watu wakitazamana. Mabao yamefungwa, mengi tu. Yamefungwa mbele ya watu, na mwamuzi akaonyesha kati. Yamekosa mtu wa kuyafuata kutoka wiki hadi wiki, na kuyajumlisha, na kuyarudia hadi yakae kichwani mwa taifa.

Ndiyo maana hesabu ya Chawinga ya kuzifunga timu zote 13 inanigusa kuliko hata yale mabao 20. Ili kusema sentensi hiyo moja, lazima mtu awe na orodha ya kila bao la kila mechi ya kila msimu tangu 2013, aliyelifunga na dhidi ya nani. Sifa ya Temwa imesimama juu ya kazi ya makarani ambao hatutayajua majina yao.

Na kuhusu ukarani, pande hizi hatuna cha kujifunza kwa mtu. Nenda kituo cha kuuzia majani mabichi wakati wa kupima. Karani anatundika mfuko kwenye mizani, anatoa uzito wa mfuko wenyewe, anaingiza namba ya mkulima, na mashine inatema karatasi: tarehe, kilo na sehemu zake. Mama aliyeamka alfajiri kuchuma anaisoma karatasi ile palepale. Ikipungua nusu kilo atataka ipimwe tena, na foleni nzima itamuunga mkono. Karatasi hiyo anaitunza nyumbani hadi bonasi itoke, kwa sababu anajua kwamba kilo isiyoandikwa haikuchumwa. Binti yake anaweza kufunga mabao manne katika mechi ya shule siku hiyohiyo, na jioni hakuna karatasi yoyote.

Hapo ndipo wengi wanapopotelea. Msichana wa Chepilat anayetaka kufika ligi kuu atatazama timu za Nakuru, au za Kisumu, au za Nairobi. Kocha wa huko atamuuliza amecheza mechi ngapi, amefunga mangapi, dhidi ya shule gani. Akijibu kwa kukumbuka tu, ni neno lake. Akifika na karatasi iliyotiwa sahihi na mwalimu wa michezo, ni ushahidi, na kocha mwenye nafasi moja na wasichana wanane wa kujaribu atauangalia ushahidi kwanza.

Kwa hiyo, mwalimu wa michezo unayesoma haya, na wewe mwenyekiti wa timu ya kata, na wewe kijana wa bodaboda unayesimama pembeni mwa uwanja kila Jumapili: nunua daftari la kurasa 96. Ukurasa mmoja kwa mechi moja. Andika tarehe, uwanja, timu mbili, matokeo. Andika majina ya wasichana wote waliocheza, matatu matatu kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, pamoja na aliyeingia akitokea benchi. Andika kila bao: nani amefunga, dakika ya ngapi, kwa mguu, kwa kichwa au kwa penalti, na nani ametoa pasi. Mwandike kipa aliyemaliza bila kufungwa. Mwamuzi atie sahihi chini. Mwisho wa muhula piga picha kurasa zote, uwatumie wazazi, ofisi ya michezo ya kaunti na tawi la shirikisho la soka. Anza na mechi ya wiki hii.